Gurudumu la Akiba: Abebe au Aache?

Mpwa wangu aliyeko Uingereza anajiundia gari kwa mikono yake, naye ameniuliza: abebe gurudumu la akiba au aliache? Gari lenyewe ni la namna ya Lotus Seven, alilolibuni Colin Chapman mwaka 1957. Liliuzwa vipande vipande, maana siku zile serikali ya huko ilitoza kodi gari zima, si vipande. Tangu 1973 waliendelea nalo Caterham. Ni gari la watu wawili, uzito wake yapata kilo 500 tu.

Hoja yake naielewa. Gurudumu hutundikwa nje, nyuma kabisa, na uzito ukikaa huko gari huyumba penye kona. Sheria ya huko nayo haimlazimishi. Ati chupa ya dawa ya kuziba pancha yamtosha, na mengine atatawakali.

Mimi sikubali. Kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia. Dawa ile huziba tundu la msumari. Ubavu wa tairi ukipasuka, haifui dafu. Naye atakayeketi kando yake ni mkewe, mja mzito, katika gari lisilo na paa la maana, na baridi ya huko twaisikia.

Lakini gurudumu peke yake si kitu. Gari lile liko chini mno. Tairi likiisha upepo, jeki ya kawaida haipiti. Tena baadhi yake magurudumu ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele. Basi na ajaribu kwanza uani kwake, mchana, mbele na nyuma. Jeki isipoingia, anunue fupi kabla ya kununua rangi.