Staa Anakula Saladi ya Tuna, Wewe wa Iyunga Unalala Njaa? Hapana Aisee!

Leo naomba niongelee ile saladi ya tuna. Kuna dada mmoja maarufu hapa Bongo, jina kapuni maana sitaki kesi, kila wiki anatupia picha ya bakuli: tuna wa kopo, majani mawili matatu, mayonaizi imemwagwa kama rangi ya ukuta. Chini anaandika ndiyo siri ya kiuno chake. Komenti kibao, wote "na mimi nataka".

Sina ugomvi na tuna. Kwanza ndiye jodari yule yule, anavuliwa hadi kwenye Bahari yetu ya Hindi. Shida yangu ni wadada waliopanga huku Iyunga, wengi wanachuo. Hela ya kula ya wiki inaishia kwenye makopo mawili na chupa ya mayonaizi, siku zilizobaki ni chai ya rangi na kandoro moja. Wanaita dayati. Mimi naita njaa yenye filta.

Hiyo mayonaizi yenyewe ni mafuta na kiini cha yai. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 90 hadi 100, na sijaona anayeishia kimoja. Mafuta ya alizeti nayo si malaika, kijiko kikubwa kina kama 120. Ila ukitengeneza sosi ya giligilani, kijiko kimoja kinatosha bakuli zima, sababu ladha inabebwa na majani na limao.

Fanya hivi. Fungu la giligilani mbichi (halifiki bei ya vocha), mnanaa kidogo kama upo, punje moja ya kitunguu swaumu. Twanga kwenye kinu. Blenda ya nini? Kinu kinatoa harufu nzuri zaidi, nabishana na yeyote. Kamulia limao zima, weka kijiko cha mafuta, chumvi kidogo, pilipili. Kopo chagua la maji ya chumvi, sio la mafuta, chuja, vunjavunja kwa uma. Katia tango, nyanya, na kitunguu ulichokiosha kwa chumvi. Parachichi la Rungwe likiwepo, nusu inatosha. Mwagia sosi, geuza, kula hapo hapo. Ndiyo, ni kachumbari yenye samaki, sema mtandaoni haiitwi hivyo.

Hela ya kopo hamna? Nunua usipa. Wanatoka Ziwa Nyasa, wanapanda na magari ya Kyela kupitia Tukuyu mpaka kwenye meza za soko huku kwetu. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto mara mbili mchanga utoke, kausha, pitisha kwenye kikaango mpaka wakakamae. Sosi ni ile ile. Tena usipa unamla na mifupa yake, kwa hiyo kalisiamu unapata kuliko kwenye mnofu wa kopo.

Halafu baridi hii ya Juni na Julai, saladi tupu usiku utalia. Weka viazi mviringo viwili vya kuchemsha, vya moto. Usiviogope. Wafaransa wa mji wa Nice wana saladi yao maarufu ya nyanya, mayai na samaki wa kopo, wanamwagia mafuta ya zeituni, mayonaizi hawana habari nayo. Na wanameza mkate pembeni.

Huyo staa ana mpishi, ana mwalimu wa mazoezi, na lebo ya kopo kila picha inaangalia kamera. Jiulize kwa nini.

Wa Iringa mpo? Nyie na baridi yenu saladi mnailaje? Dondosheni komenti hapo chini. Na mwenye mbinu ya kukaanga usipa bila geto zima kunuka mpaka asubuhi, anisaidie leo leo.