Mwambao wa Magara unahitaji wataalamu wake wa kodi

Mzazi wa Magara anayeuza ndagala au mawese akiulizwa mwanawe asomee nini, atataja udaktari, ualimu au kazi kwenye shirika. Kodi haitaji. Akiitaja, ataitaja kama jambo la kuogopwa: afisa anayesimamisha gari barabarani, anayekagua boti, anayefunga duka. Kwa sababu hiyo, mojawapo ya kazi ambazo biashara ya ziwa inazihitaji sana imeachwa mikononi mwa watu wa mbali, au mikononi mwa vishoka.

Hilo ni kosa, na wanaolilipia ni wafanyabiashara wenyewe.

Magara iko mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye barabara kuu inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac, hadi mpaka wa Mugina. Ukivuka hapo uko Manyovu, mkoani Kigoma. Ng'ambo ya maji ni Kongo: Uvira, Baraka na Fizi. Mtu mwenye mtaji mdogo anaweza, ndani ya mwezi mmoja, kugusa mifumo mitatu ya kodi. Burundi na Tanzania hutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, Kongo asilimia 16. Burundi anaulizwa namba ya NIF, Tanzania anaulizwa TIN. Upande mmoja karatasi ni za Kifaransa, upande wa pili ni za Kiingereza na Kiswahili. Katika biashara ya namna hiyo, anayejua kodi ni wa lazima kama nahodha.

Mabadiliko yenyewe yalikuja kwa kasi. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Mwaka 2009 ikaanza kutekeleza Umoja wa Forodha, ikaanzisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, na sheria ya Julai mwaka huohuo ikaunda Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR. Tarehe 1 Julai 2010 Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kufanya kazi. Serikali ilipata taasisi mpya, na kamishna mkuu wake wa kwanza, Kieran Holmes, alitoka nje ya nchi. Mfanyabiashara wa mwambaoni hakupata mtu wa kumsomea sheria hizo mpya.

Fedha zinazopotea kwa kutojua

Tuchukue jambo moja tu, cheti cha uasili kilichorahisishwa. Jumuiya ilikiweka kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya nchi wanachama na uliomo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, huvuka bila ushuru wa forodha, na cheti hutolewa mpakani na maafisa wa forodha.

Hapa watu hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza hajui kabisa kwamba cheti kipo. Analipa asichodaiwa, au anaona heri apite usiku kwa mtumbwi na magunia ya mchele ambayo yangepita mchana kwa halali. Akikamatwa, mchele wa Kigoma ambao haukudaiwa ushuru wowote unageuka mali ya magendo, na pengine chombo kinazuiliwa pamoja nao. Wa pili amesikia kwamba "ndani ya Jumuiya hakuna kodi", akaamini. Kinachoondolewa ni ushuru wa forodha. Kodi za ndani, pamoja na ile ya ongezeko la thamani pale inapohusika, na ada nyingine halali, zinabaki palepale. Huyu akidaiwa mpakani anapiga kelele kwamba anaonewa, kumbe hakuelezwa.

Kuna na la tatu, gumu zaidi. Uasili wa bidhaa ni mahali ilipozalishwa, si mahali iliponunuliwa. Mchele uliolimwa Tanzania una haki ya cheti. Vitenge vilivyotengenezwa Asia havipati haki hiyo kwa sababu tu vimenunuliwa katika duka la Kigoma mjini. Hivyo vinatozwa ushuru wa pamoja wa Jumuiya, ambao tangu Julai 2022 una viwango vikuu vinne: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35. Anayejua hilo kabla ya kununua atapiga hesabu ya faida yake vizuri. Anayelijua akiwa mpakani ameshachelewa.

Haki isiyojulikana haidaiwi

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 ina mambo ambayo kila mwenye mzigo angepaswa kuyajua kwa moyo. Kifungu cha 229 kinampa asiyeridhika na uamuzi wa forodha siku 30 za kuomba kwa Kamishna uamuzi huo uangaliwe upya. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Asipojibu ndani ya muda huo, ombi linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Hayo yameandikwa. Lakini barua ya aina hiyo haijiandiki yenyewe, na siku 30 hupita haraka kwa mtu anayezunguka akitafuta "mkubwa" wa kumwombea msamaha.

Vifungu vya 147 na 148 navyo vinahusu mawakala. Wakala anayemfanyia mtu kazi ya forodha huhesabiwa kama mwenye mali na anaweza kudaiwa ushuru yeye mwenyewe. Wakati huohuo mwenye mali anabeba lawama ya alichotamka wakala wake, na anaweza kushtakiwa kwa kosa la wakala huyo. Kwa hiyo aliyemkabidhi kishoka fedha na karatasi, kisha kishoka akaandika thamani ya uongo, hawezi kujitetea kwamba hakuwapo. Wengi wamejifunza hilo baada ya mali kuzuiliwa.

Kazi tatu, si moja

Anayefikiria kazi ya kodi ajue kwamba njia ni tatu. Ya kwanza ni ya afisa wa mamlaka ya mapato: OBR kwa Burundi, TRA kwa Tanzania, KRA kwa Kenya. Ndiyo inayojulikana, na ndiyo yenye nafasi chache. Ya pili ni wakala wa forodha mwenye leseni, anayeandaa matamko ya mizigo na kuyapitisha. Ya tatu ni mhasibu au mshauri wa kodi, anayeweka hesabu za mteja, anayemwandalia ritani, na anayemsimamia kunapokuwa na mgogoro.

Milango ya kusomea ipo. Kuna cheti cha Afrika Mashariki cha kazi za forodha na uwakala wa mizigo, kilichoandaliwa na Jumuiya pamoja na shirikisho la vyama vya mawakala, FEAFFA, na kinafundishwa katika nchi wanachama. Dar es Salaam kuna Chuo cha Kodi kilicho chini ya TRA, na Kenya ina chuo chake cha KESRA. Upande wa uhasibu, bodi za nchi kadhaa za Jumuiya zilitia saini makubaliano ya kutambuana mwaka 2011. Kwa washauri wa kodi kila nchi bado ina utaratibu wake wa kuwasajili, na kijana hana budi kuuliza mapema atatambuliwa wapi.

Kijana wa Magara ana mtaji ambao wa Nairobi au Dodoma hana. Shule za Burundi hufundisha Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Anayesoma fomu ya Bujumbura kwa Kifaransa, akamweleza mama wa sokoni kwa Kirundi, kisha akampigia simu wakala wa Kigoma kwa Kiswahili, ana kazi ambayo wachache katika ukanda huu wanaiweza. Kongo ilipoingia Jumuiya mwaka 2022 thamani ya lugha hizo iliongezeka, maana kutia saini mkataba ni siku moja na karani wa forodha kuanza kuutumia ni safari ndefu. Safari hiyo inahitaji watu wa kuielewa pande zote mbili.

Kazi yenyewe haina mteremko. Kila Juni bajeti zinasomwa na kila Julai viwango vinabadilika. Aliyeacha kusoma mwaka mmoja tu anaanza kuwashauri watu vibaya.

Mashaka yanayostahili kujibiwa

Shaka la kwanza ni la fedha: muuza ndagala atamlipaje mtaalamu? Peke yake hawezi. Lakini watu haohao hukodi boti kwa kuchangiana na huweka akiba kwa ikirimba, kama wenzao wa Kigoma wanavyofanya kwa vikoba. Wafanyabiashara 20 wakichanga kidogo kila mwezi, wanaweza kuwa na mtu wa kuwatunzia hesabu na kuwaandalia karatasi kabla mzigo haujaondoka. Hata kusafiri Bujumbura kila mara kwa ajili ya fomu moja kunakula fedha.

Shaka la pili ni la mashine. Matamko ya forodha sasa hufanywa kwenye kompyuta, na risiti hutolewa kwa mashine za kodi. Je, mtaalamu atabaki na kazi gani? Mashine hupokea kinachoingizwa. Haimwambii mtu kwamba bidhaa yake ilistahili cheti, wala haimwandikii rufaa. Anayekosea kwenye kompyuta hukosea kwa kasi zaidi.

Shaka la tatu ndilo zito. Wapo wanaosema kwamba kuongeza wataalamu wa kodi ni kuongeza wajanja wa kukwepa kodi, na kwamba kijana aliyesomeshwa atarudi kuwa kishoka mwenye cheti. Hatari hiyo ipo. Kinga yake ni leseni inayoweza kufutwa, jina linalojulikana kijijini, na ofisi yenye mlango. Kishoka hana kimojawapo cha hivyo, ndiyo maana hana cha kupoteza. Mtaalamu wa kweli atamwambia mteja "hili hudaiwi", na kesho yake atamwambia "hili unadaiwa, lipa". Asiyeweza kusema la pili asiaminiwe anaposema la kwanza.

Kinachotakiwa kufanywa

Vyama vya wafanyabiashara vya mwambao, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, vianze na kijana mmoja kila kimoja. Vichangie ada yake ya cheti cha forodha, kwa sharti kwamba atarudi kuvihudumia kwa muda uliokubaliwa. Gharama hiyo haishindi hasara ya shehena moja iliyozuiliwa.

OBR na TRA nazo zichukue wanafunzi wa maeneo ya mpakani kwa mafunzo ya kazi huko Mugina na Manyovu, badala ya kuwasubiri miji mikuu. Mlipakodi anayeelewa anachodaiwa hulipa kwa ugomvi mdogo, na mamlaka zote mbili zinalijua hilo.

Jumuiya yenyewe iliamua mwaka 2021 kwamba Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake rasmi. Basi uamuzi huo ufike mpakani: sheria ya forodha, orodha ya bidhaa zenye cheti na mitihani ya mawakala vipatikane kwa Kiswahili. Lugha rasmi isiyosomeka kwenye fomu haimsaidii anayejaza fomu hiyo.

Mzazi naye ana sehemu yake. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwambaoni mali ipo, ndagala zipo, mawese yapo, na barabara ya Gitaza hadi Rumonge imo katika mradi wa Benki ya Maendeleo ya Afrika unaokusudia kuunganisha Burundi na Kigoma. Barabara ikiwa nzuri mizigo itaongezeka, na karatasi zitaongezeka pamoja nayo. Mwenye mtoto anayependa hesabu na asiyechoka kusoma amwelekeze huko mapema.