GESI IVUJAYO KATIKA MALORI YA ZAMANI



Madereva wa malori ya zamani wanalalamika kwamba mtambo wa kupoza hewa hauna baridi tena. Wakisema, tajiri hujibu kwamba baridi ni anasa. Wengine huambiwa wajaze gesi kwa fedha zao wenyewe. Twataka kulieleza shauri hili wazi, kwa madereva na kwa mafundi pia.

Kwanza, baridi si anasa. Mtu aliyeketi juu ya injini kutoka Mombasa, kupita Voi, hadi Mtito Andei wakati wa jua kali, huchoka upesi na kusinzia upesi. Akifungua madirisha, humeza vumbi na moshi. Baridi ile hulinda maisha yake, mzigo wa tajiri na watu wengine walio barabarani.

Pili, gesi si dizeli. Haichomwi, bali huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikiisha baada ya majuma machache, imevuja. Wazee walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hapa nafuu ni ya muuza gesi, na mchukuzi ndiye alipaye.

Kwa hiyo fundi mwema hutafuta tundu kabla ya kugusa mtungi. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, basi penye mafuta na vumbi lililoganda ndipo pa kushukiwa. Apake povu la sabuni kwenye maungio na kutazama mapovu. Akague sili ya kompresa, oringi zilizokauka, mipira iliyopasuka, vali za kujazia, na kondensa ya mbele ipigwayo na mawe. Mabomba yakiwa matupu, ayajaribu kwa naitrojeni kavu. Kamwe si kwa oksijeni, maana ikikutana na mafuta yaweza kulipuka. Akiisha kuziba, aweke kikaushio kipya cha unyevu, avute hewa yote kwa pampu nusu saa au zaidi, kisha aone kama sindano ya geji inasimama. Ndipo ajaze, kwa kupima uzito.

Malori mengi yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R-12, ambayo iliwekewa mipaka na Mkataba wa Montreal wa 1987, kisha ikaondolewa, kwa kuwa huharibu ozoni. Lori likigeuzwa kutumia R-134a, mafuta ya kompresa hubadilishwa pia. Hata R-134a isiachiliwe hewani ovyo, kwani hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule.

Wako wanaojaza gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi. Gesi hiyo hushika moto, na ikivuja yaweza kuingia pale pale alipoketi dereva. Fundi asikubali, hata akiamriwa.

Fundi naye ana haki yake. R-134a huchemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri. Ikimrukia jichoni yaweza kumpofusha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, bila kumtoza mfanyakazi.

Basi twadai haya:

1. Tundu lizibwe kabla ya gesi kujazwa.
2. Gharama iwe ya mwenye lori, wala dereva asikatwe mshahara.
3. Kila karakana iwe na geji, pampu, mizani, miwani na glavu.

Haya si hasara kwa tajiri. Gesi ikivuja hutoka na mafuta, na kompresa isiyo na mafuta hufa. Anayekataa kununua oringi leo atanunua kompresa kesho.

Dereva, andika ubovu katika kitabu cha lori, utie tarehe na sahihi, na ubaki na nakala. Fundi, andika ulichokuta. Mpeni mwakilishi wa chama kazini nakala hizo. Neno la mdomo hukanwa. Karatasi yenye sahihi haikanwi.