Mahindi mabichi sokoni: mkulima anapunjwa, ini linaharibika

Msimu wa mavuno ukifika, malori ya wafanyabiashara wa nafaka huonekana Mkata, Kabuku na Segera, na upande wa Korogwe hadi Mombo. Mnunuzi huangalia mambo mawili: gunia limejaa kiasi gani na mkulima anataka shilingi ngapi. Swali la tatu, kama mahindi yamekauka sawasawa, huulizwa mara chache. Hata likiulizwa, mara nyingi halibadilishi bei.

Swali hilo linahusu mfuko wa mkulima na linahusu saratani pia. Wananchi wengi wakisikia saratani hufikiria sigara, na hawakosei, kwa sababu tumbaku ndiyo inayoongoza kwa kusababisha saratani duniani. Pombe imo, na virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi vimo. Lakini kwa familia inayokula ugali mchana na usiku, ipo hatari nyingine inayolala ghalani, nayo haitajwi sana katika mikutano ya vijiji. Hatari hiyo ni sumukuvu.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine. Aina inayoogopwa zaidi ni aflatoksini. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka katika kundi la kwanza la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa tumbaku. Kiungo kinachoshambuliwa ni ini. Kupika hakusaidii, kwa kuwa moto wa ugali hauiondoi sumu hiyo. Haina ladha wala harufu yake yenyewe, na punje inayoonekana safi inaweza kuwa nayo.

Ikiwa nyingi sana huua kwa muda mfupi. Nchini Kenya mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yao wenyewe. Hapa nchini mwaka 2016 waliugua watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wakafa 20. Miongoni mwa wilaya zilizoguswa ilikuwa Kiteto, ambayo inapakana na Kilindi, na Kilindi yenyewe ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Kwa hiyo si habari ya mbali. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, hakuna anayeanguka, hakuna habari gazetini, na mgonjwa wa ini hufika Ocean Road, Dar es Salaam, wakati hali imekwisha kuwa mbaya.

Handeni ina sababu zake za kujihadhari. Ukungu huu hupenda joto, na hushambulia zaidi mahindi yaliyopata shida ya ukame shambani, jambo ambalo mkulima wa huko analijua vizuri. Mahindi ya vuli nayo huvunwa mwanzoni mwa mwaka, na masika ikiwahi, humkuta mtu bado hajaanika. Hapo ndipo huingia haraka ya kuuza yakiwa mabichi.

Lakini lawama zote asitupiwe mkulima. Hesabu ni hii: mahindi ya kilo 100 yenye unyevu wa asilimia 18, yakianikwa mpaka kufikia asilimia 13.5 inayotakiwa, hubaki kilo 95 hivi. Mkulima amefanya kazi ya siku kadhaa, amepoteza kilo tano, kisha anapewa bei ileile ya jirani yake aliyeuza siku ya kwanza. Nani ataanika kwa masharti hayo? Na lumbesa ikiongezwa juu, mwenye mahindi makavu anapunjwa mara mbili. Soko linalonunua hivyo linamfundisha mkulima kuuza ukungu.

Wafanyabiashara nao wanaumia, ingawa wengine hawajaliona. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu. Baada ya siku chache ilifungua kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kuwa aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni, ambacho ndicho kiwango cha Afrika Mashariki. Aliyekuwa na lori la mahindi makavu na lori la mahindi mabichi alijifunza tofauti yake mpakani. Kwa mikoa ya kaskazini, ambako soko la Kenya ni la jirani kabisa, somo hilo lilipaswa kubadilisha namna ya kununua.

Halmashauri za Handeni na Korogwe hukusanya ushuru wa mazao. Si jambo kubwa kuomba sehemu ya fedha hizo inunue vipima unyevu, kimoja kwa kila soko la mazao, kikae mezani karibu na mizani, kila mtu akione. Mahindi makavu yatajwe bei yake, na mabichi yatajwe yake. Vyama vya ushirika na vikundi vinavyouza pamoja vinaweza kuanza hata kabla ya halmashauri, kwani kikundi chenye tani kumi kavu kina sauti ambayo mtu mwenye magunia matatu hana.

Wakati hayo yakisubiriwa, chumvi ipo. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka mahindi robo chupa na vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani, tikisa kwa dakika chache, kisha acha dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, na siku nyingine ya jua kali haitaharibu kitu.

Mahali pa kuanika ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, maana kuvu wa ukungu huishi kwenye udongo. Turubai au kichanja vinalipa gharama zake. Kupiga magunzi kwa fimbo ndani ya gunia hupasua punje, na punje iliyopasuka ni mlango wa ukungu. Wadudu kama dumuzi nao hufungua milango yao. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS, ni mizuri, lakini ukitia mahindi mabichi ndani yake umefungia ukungu pamoja na chakula. Shambani, dawa ya Aflasafe ilisajiliwa nchini mwaka 2018. Humwagwa kilo nne kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, ardhi ikiwa na unyevu.

Kuchambua hufanywa na kina mama wengi tangu zamani, na ni kazi yenye thamani kubwa: punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizotobolewa ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Tatizo ni zinakokwenda baadaye. Hutengwa kwa ajili ya pombe ya kienyeji, au hupewa kuku na ng'ombe. Pombe hiyo humrudishia mnywaji sumu aliyoikimbia kwenye ugali, tena pamoja na kilevi ambacho nacho huliumiza ini. Ng'ombe wa maziwa akila pumba zenye sumu, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, na maziwa ya mkoa wa Tanga hunywewa na watoto. Wapenda dona nao wakumbuke kwamba sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Dona ni chakula bora, lakini mahindi yake yachambuliwe mara mbili.

Mwenye virusi vya homa ya ini B akila aflatoksini, hatari yake ya saratani ya ini huzidi mara nyingi kuliko ya mwenye tatizo moja. Watoto wa Tanzania walianza kupata chanjo ya homa hiyo katika utaratibu wa kawaida mwaka 2002, hivyo wengi wa wanaoshika jembe leo Handeni na Korogwe walizaliwa kabla yake. Hao waulize hospitali ya wilaya kuhusu kipimo, na asiyekutwa na virusi aulizie chanjo.