Mtu Akianguka, Mrekodini kwa Ajili ya Daktari

Ndugu zangu wa Mahenge na Ulanga nzima,

Nahudumia wagonjwa wa kifafa huku Ujerumani, nchi ambako Hans Berger alinasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1924. Nawaandikia ninyi kwa kuwa kifafa mmekiuguza miaka mingi, tangu kabla Dkt. Louise Jilek-Aall hajaanzisha kliniki yake hapo kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wodini kwetu mgonjwa hulala siku kadhaa, kichwani amebandikwa nyaya zaidi ya 20, kamera ikimtazama usiku na mchana. Mara nyingi tunampunguzia dawa kwa uangalizi mkali ili aanguke mbele yetu. Kipimo cha kawaida cha mawimbi ya ubongo, cha nusu saa, kinaweza kutoka safi hata kwa mwenye kifafa. Lazima tukio lenyewe linaswe.

Hapo ndipo mengi hufichuka. Mmoja anatetemeka mwili mzima, macho kayafumba, lakini mawimbi yake ni ya mtu aliye macho. Hicho si kifafa. Wala hajifanyi! Mara nyingi ni dhiki ya nafsi iliyopata mlango mwilini, na vidonge vya kifafa havitamponya, hata avinywe miaka kumi. Mwingine hata haanguki: anakodoa macho, anatafunatafuna, anachezea vifungo vya shati. Mawimbi yanachafuka upande mmoja wa ubongo. Hicho ni kifafa kamili, na mtoto wa namna hiyo huchapwa shuleni kwa kutosikiliza.

Mashine hizi ni ghali, lakini kamera mnayo mfukoni. Kwanza mwondoeni motoni na majini, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni. Tukio likipita dakika tano, mkimbizeni hospitali. Mmoja wenu arekodi: uso, macho, mikono yote miwili, upande ulioanza. Mwiteni jina, isikike kama anaitika. Msizime mpaka azinduke kabisa, kwani dakika za kuzinduka nazo zina ushahidi.

Dawa msimwachishe wenyewe. Na video hiyo, nawasihi, isiingie kwenye kundi lolote la WhatsApp. Ni ya daktari. Akishaiona, mwulizeni mgonjwa mwenyewe kama ibaki au ifutwe.

Ndugu yenu,
Ujerumani