Sisimizi kwenye boksi la kinyonga: usikimbilie dawa

Tukuyu mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na vinyonga hawakosi kwenye ua wa miti, migombani na pembezoni mwa mashamba ya chai. Si ajabu mtoto wa darasa la tatu kurudi nyumbani na mmoja juu ya kijiti. Anatafuta boksi, anajaza udongo, anapanda majani na kufunika kwa kipande cha chandarua. Wiki ya kwanza nyumba nzima inakusanyika kumtazama akidaka nzi kwa ulimi. Wiki ya pili sisimizi wamepanga mstari hadi ndani ya boksi, vijinzi vyeusi vinazagaa sebuleni, na mama ameshika kopo la dawa.

"Mama, usipulize, atakufa!"

Mtoto ana hoja. Dawa nyingi za kopo zina kemikali zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto, zao ambalo wakulima wa nyanda za juu za Mbeya wanalijua vizuri. Asili ya ua haimfanyi kinyonga awe salama. Mwili wake ni mdogo, boksi limefunikwa, na yeye hanywi maji kwenye kisahani bali hulamba matone kwenye majani, yaleyale yaliyopuliziwa. Nzi mwenye dawa naye anaishia tumboni mwake.

Hatari zaidi ni dawa ya shamba iliyobaki baada ya kupulizia viazi au nyanya, ile inayohifadhiwa kwenye chupa ya soda nyuma ya mlango. Hiyo haifai kuingia kabisa kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, kinyonga awepo au asiwepo.

Tena si kila kidudu ni adui. Vile vyeupe vidogo vinavyorukaruka kwenye udongo wenye unyevu hula ukungu na majani yaliyooza. Viacheni, vinafanya usafi. Vijinzi vyeusi ni dalili kwamba udongo umelowa kupita kiasi, kwani mabuu yao hukulia humo. Toboa boksi chini maji yatoke, acha udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena, kisha ondoa majani yaliyooza. Ondoa na kile kipande cha ndizi ambacho mtoto ameweka ili kuvuta nzi, maana mara nyingi ndicho kilichowaita sisimizi.

Sisimizi wenyewe wana dawa ya kizamani, ambayo bibi wengi waliitumia kwenye kabati la chakula. Weka boksi juu ya meza ndogo, kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo lenye maji na sabuni kidogo. Angalia pia jani lolote lisiguse ukuta, kwa sababu jani moja linatosha kuwa daraja. Konokono wanaotafuna mimea huvutwa kwa kipande cha tango kinachoachwa usiku, asubuhi unawaokota. Chumvi usiitie, itaua mimea. Nyenje wasioliwa watolewe kabla ya giza, kwani humng'ata kinyonga akiwa usingizini.

Siafu ni habari nyingine. Wakiingia usiku, kinyonga aliyefungiwa hana pa kukimbilia, na hakuna kopo la maji la kutegemea.

Hapo mzazi anapaswa kuzungumza na mtoto. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, kukamata mnyama wa porini kunahitaji kibali, na kinyonga ni mnyama wa porini. Kwa miaka mingi vinyonga wa Tanzania walisafirishwa kwenda kufugwa Ulaya na Marekani ndani ya masanduku ya kioo yaliyopandwa mimea, hadi serikali iliposimamisha biashara ya kusafirisha wanyama hai mwaka 2016. Yule mwenye pembe tatu fupi anayeonekana milima ya Rungwe na Poroto hapatikani porini nje ya milima ya kusini mwa Tanzania.

Usimtupe mbele ya mtoto, wala usimuue kwa hofu za mitaani. Kinyonga hana sumu. Nendeni wote wawili mkamrudishe kwenye mti uleule alikotolewa, asubuhi jua likishatoka. Kisha kila mtu anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa wanyama jamii ya mijusi wanaweza kubeba bakteria wa salmonela, na walio chini ya miaka mitano wasimshike kabisa.

Boksi na mimea yake libaki kwa mtoto, akitaka aweke jongoo. Na jioni isiyo na mvua, mchukueni tochi mkapite kando ya ua. Kinyonga akilala hupauka rangi, hivyo mwanga wa tochi humwonyesha kwa urahisi kuliko mchana. Mtoto anaweza kuwahesabu mmoja mmoja kwenye matawi, bila kumgusa hata mmoja.