Nuru ya Mmea Ndani ya Nyumba



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii twazungumzia jambo linaloulizwa mara kwa mara na akina mama wanaoishi maghorofani: ni taa ipi inayofaa kuoteshea mimea ndani ya nyumba?

Nyumba za wazee wetu zilikuwa na ua, na uani hapakukosa mrehani, nanaa wala shina la mpilipili. Leo familia nyingi zaishi katika vyumba ambavyo madirisha yake yatazama ukuta wa jirani. Mama hupanda dania katika mkebe. Baada ya siku chache miche hurefuka mithili ya nyuzi, ikapauka, ikalala. Maji alitia, mbolea alitia. Kilichokosekana ni mwanga. Ndipo huenda dukani akauziwa kwa bei ya juu taa ya rangi ya zambarau, akiambiwa kuwa hiyo pekee ndiyo taa ya mimea. Yafaa ajue mambo kadhaa kabla ya kutoa fedha zake.

La kwanza, jicho si mizani ya mwanga. Mboni hupanuka gizani na hujibana juani, hivyo sebule yaweza kuonekana angavu kwetu ilhali mmea uliomo wafa njaa. Mwangaza hupimwa kwa kipimo kiitwacho laksi. Jua la adhuhuri hufikia kiasi cha laksi 100,000. Chumba kinachowashwa taa za kawaida usiku aghalabu hakipiti laksi 500. Na mwanga ndio unaouwezesha mmea kujitengenezea chakula. Mbolea haiwezi kuchukua nafasi yake.

La pili, anza na dirisha kabla ya duka. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini, basi ni rahisi kuzijua pande za nyumba. Dirisha la mashariki au la magharibi ndilo bora, kwa kuwa jua likiwa chini huingia ndani sana. Dirisha la upande wa kibla hulipata jua la mchana tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na la kusini hulipata katika miezi iliyobaki. Lakini jua letu la mchana hukaa karibu na utosi, hivyo halipenyi mbali na kingo ya dirisha.

Kipo kipimo kisichogharimu kitu. Wakati wa adhuhuri, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuuweka mkebe, kisha inua kiganja juu yake kiasi cha shubiri moja na nusu. Kivuli kikiwa wazi hata vidole vikahesabika, mahali hapo pana mwanga wa kutosha. Kikiwa cha ukungu, nanaa yaweza kuvumilia. Kisipoonekana kabisa, hapo ndipo taa inapohitajika.

La tatu ni rangi, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Ni kweli kwamba klorofili, ile chembe ya kijani iliyomo majanini, hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa buluu. Ndiyo sababu taa za zambarau zikatengenezwa. Lakini mmea hautupi rangi nyingine. Mwaka 1972 mtaalamu Keith McCree alichapisha vipimo vyake juu ya aina 22 za mimea ya mashambani, navyo vilionyesha kuwa mimea huutumia mwanga wa rangi zote tuzionazo, hata ule wa kijani. Taa nyeupe ya LED inazo rangi hizo zote. Tena chini yake waweza kuona jani linapogeuka manjano au linapoingia wadudu, jambo ambalo taa ya zambarau hulificha. Basi tyubu nyeupe ya LED ya kawaida, iliyoandikwa 4000K hadi 6500K, yatosha kabisa kwa mboga za majani. Globu ya kizamani yenye uzi wa ndani haifai, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wake hutoka kuwa joto.

Soma vilevile wati halisi zinazotumiwa na taa, usitazame namba kubwa ya tangazo. Zipo taa zilizoandikwa wati 1000 ambazo kwa hakika hutumia kama 100 tu.

La nne ni umbali. Globu ikiondolewa kwa mmea hadi mara mbili ya umbali wake wa awali, mwanga unaoufikia mmea hubaki robo. Tyubu ndefu hupoteza taratibu zaidi, lakini nayo yataka ukaribu. Taa iliyoko darini ni ya watu. Ya mmea ining'inizwe kiasi cha shubiri moja juu ya majani, na ipandishwe kadiri mmea unavyokua. Ukiegemeza mikebe kwenye ukuta mweupe, nuru ambayo ingepotea hurudi majanini.

La tano ni hesabu ya stima. Tyubu mbili za futi nne, za wati 18 kila moja, zamulika safu moja ya mikebe. Ziwashwe baada ya sala ya Alfajiri, zizimwe baada ya Isha. Hizo ni kama saa 14. Zidisha wati 36 kwa saa 14, ugawe kwa 1000: ni nusu uniti kwa siku, au uniti 15 kwa mwezi. Linganisha na bei ya tokeni, kisha na fedha utumiazo sokoni kwa dania, nanaa na mrehani. Dania ipewe saa 12 tu, maana siku ndefu na joto huiharakisha kutoa maua. Nyanya na pilipili zataka mwanga mkali mno. Ziombewe nafasi juu ya dari la nyumba, kwani kuzilea chini ya taa ni gharama kuliko mavuno. Kununua taa isiyohitajika ni israfu, na kuiacha ikiwaka usiku kucha ni israfu juu ya israfu.

Mwisho, maji na umeme havipatani. Nyaya na ekstensheni ziwe juu ya mikebe, mbali na mikono ya watoto, na taa izimwe kabla ya kunyunyizia maji. Ukiwa huna hakika na soketi, muite fundi wa stima.

Dada yangu, usione unyonge kwa kukosa ua. Mikebe minne iliyopata nuru yake yatosha kuipa jikoni yako harufu ya mrehani, na kuwafunza watoto kwamba chakula huota kabla ya kununuliwa.

Wabillahi tawfiq.